Uzi Mweupe wa Mstari wa Mwisho

Saa tisa na robo alasiri Chiriku alikuwa ameshavua sare ya shule, ameshakunywa vikombe viwili vya maji na ameshakula chakula alichofunikiwa mezani. Alikula akiwa amesimama. Hakuthubutu kukaa, maana akikaa tu usingizi ulimchukua papo hapo. Alishusha kopo lake la nyuzi nyeupe kutoka juu ya kabati, akavaa kofia ya kaka yake iliyomfika kwenye nyusi, akatoka kwenda shambani nyuma ya nyumba. Ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu waanze kazi ya maua wiki tatu zilizopita. Hata Jumapili ilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu maua hayana habari na Jumapili.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake alipokuwa na miaka minne, enzi hizo mdomo wake haukutulia tangu asubuhi mpaka alipolala. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hizi jina lenyewe halikumfaa tena. Alitoka shuleni kimya, akafanya kazi kimya, akaenda kulala kimya. Kaka yake, aliyemzidi miaka mitatu, alimtania kwamba betri zimekwisha. Chiriku hakuwa hata na nguvu ya kumjibu.

Kazi yenyewe, ukielezwa, utadhani ni mchezo. Ua la pasheni hufunguka mchana, hujifunga jioni, na kesho yake halifunguki tena. Kama hakuna aliyelichavusha siku hiyo moja, hunyauka na kuanguka. Kwa hiyo unakwangua chavua, ule unga wa manjano, kwa ncha ya kidole kutoka kwenye ua la shina moja, halafu unaipaka kwenye vichwa vitatu vilivyo katikati ya ua la shina jingine. Ukishapaka, unafunga kipande cha uzi kwenye kikonyo ili mwenzako asirudie kazi iliyokwisha. Hilo ni ua moja. Shamba lao lilikuwa na mistari sita ya mipasheni iliyotambaa juu ya nguzo na waya, na mchana mmoja uliweza kufungua maua mia nne na zaidi.

Mama alianza saa saba, jua likiwa utosini, akachukua mistari minne peke yake. Nyuzi zake zilikuwa nyekundu. Kaka alikuwa na mstari mmoja na nyuzi za buluu, na Chiriku alikuwa na mstari wa mwisho, uliopakana na banda bovu la mbuzi ambao walishauzwa zamani. Wazo la rangi lilikuwa la Baba, fundi baiskeli sokoni, ambaye alipenda kila kitu kiwe na alama yake. Yeye alirudi jioni mikono ikiwa myeusi kwa grisi, hivyo hakuweza kugusa ua hata moja.

"Nyuki wana bahati," Kaka alisema mchana mmoja akijinyoosha mgongo. "Wao wanafanya kazi hii hii, halafu hawasumbuliwi na hesabu za sehemu."

"Mdomo ufanye kazi baadaye, vidole kwanza," Mama alimjibu kutoka mstari wa pili, lakini sauti yake haikuwa na ukali. Alikuwa ameweka mkono mmoja kiunoni. Siku hizo Mama aliamka ameshika kiuno na kulala ameshika kiuno.

Hakuna aliyelalamika kwa sauti, kwa sababu wote walijua begi la kijani lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha Mama. Ndani ya begi mlikuwa na glavu nene, soksi za sufu na sweta mbili. Miaka miwili iliyopita Mama alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia maua, mbali sana, ndani ya chumba chenye baridi kama jokofu. Alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi kwa siku mbili tu, na moja ya siku hizo aliimaliza usingizini. Pasheni ndizo zilizomrudisha nyumbani. Baba alikuwa amewaambia watoto bila kuzunguka: mipasheni isipozaa msimu huu, mama yao atarudi kiwandani. Chiriku alilitazama begi lile kila alipopita mlangoni.

Msimu wa kwanza hawakuhitaji kopo wala nyuzi. Palikuwa na nyuki weusi wakubwa, wenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, waliovuma kwa nguvu kiasi kwamba Kaka aliwaita pikipiki. Waliingia kwenye ua la pasheni wakatoka na mgongo wote wa manjano, wakahamia shina jingine, na matunda yakashika bila mtu kunyanyua kidole. Tatizo lilikuwa moja tu. Nyuki hao walitoboa nguzo za mipasheni na kutengeneza makazi humo ndani, matundu ya mviringo yaliyonyooka kana kwamba yametobolewa kwa keekee. Baba aliogopa nguzo zingekatika.

Kwa hiyo mwaka jana, kabla ya mvua, aliagiza matundu yote yazibwe kwa udongo uliokandwa na oili chafu, na nguzo zote zipakwe oili hiyo hiyo. Majirani nao walikuwa wameshakata miti yote iliyokauka kwenye mipaka yao na kupiga dawa kila wiki. Nyuki weusi wakatoweka. Hakuna aliyejiuliza walikokwenda. Watu walifurahi tu kwamba kelele zimekwisha. Msimu huu maua ya kwanza yalipoanguka karibu yote bila kutoa tunda, ndipo Mama alipokwenda kumwita mtaalamu wa kilimo, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Shamba. Bibi Shamba alikuja mbio mbio akiwa na mashamba mengine kumi ya kupitia siku hiyo, akawafundisha kazi ya kidole, akaondoka.

Siku ya Jumanne ya wiki ya nne, Chiriku alichoka uchovu ambao hakuwahi kuujua. Asubuhi walikuwa na mtihani wa jaribio, mchana mwalimu wa michezo aliwakimbiza uwanjani. Alipofika kwenye mstari wake alikuta maua zaidi ya mia moja yamefunguka yakimsubiri. Alichavusha kumi. La kumi na moja alilitazama tu, halafu akalifunga uzi bila kuligusa. Alingoja kidogo, kama vile ua lingepiga kelele kumshtaki. Ua likanyamaza. Akafunga la kumi na mbili, na la kumi na tatu, na kwa nusu saa tu mstari mzima ulikuwa umependeza kwa uzi mweupe.

"Umemaliza?" Mama aliuliza kwa mshangao.

"Nimemaliza, Mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Nenda kapumzike."

Jumatano alifanya vile vile, na Alhamisi pia, akijiambia kwamba Ijumaa ataanza kufanya kazi ya kweli. Ijumaa ilipofika alijiambia Jumatatu. Usingizi aliopata siku hizo ulikuwa mtamu mwanzoni tu. Baadaye akawa analala akiyaona maua yakianguka moja moja na uzi wake shingoni, na begi la kijani likishuka lenyewe kutoka kwenye msumari.

Lakini jambo la ajabu likatokea. Wiki moja baadaye Mama alipita mistari yote kuangalia maua yaliyotunga. Kwenye nyuzi nyekundu, kama nusu yalikuwa yameshika vitunda vya kijani vyenye ukubwa wa gololi. Kwenye nyuzi za buluu ilikuwa pungufu ya hapo, na Kaka akatafuta sababu kumi za kujitetea. Mama alipofika kwenye mstari wa mwisho alisimama, akainua jani, akainua jani jingine. Karibu kila uzi mweupe ulikuwa umening'inia kwenye kitunda.

Chakula cha jioni siku hiyo Baba alimwongezea Chiriku kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. "Mwenzenu ana mkono," alisema. "Yeye hasemi, anafanya." Chiriku alitafuna nyama ile taratibu. Hakuelewa chochote. Alijua fika kwamba maua yale hakuyagusa.

Kesho yake mambo yalizidi kuwa mabaya. Mama alimfuata kwenye mstari wake akiwa amejifuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Hebu nifundishe, mwanangu. Labda mimi nakwangua kidogo mno. Wewe unafanyaje?"

Hapo ndipo Chiriku alipaswa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine: "Mimi... mimi napaka mara tatu, Mama. Kila ua mara tatu."

"Mara tatu! Ndiyo maana." Mama alitikisa kichwa kwa kujilaumu, akarudi kwenye mistari yake minne. Tangu siku hiyo kila ua alilipaka mara tatu. Saa kumi na mbili jioni, watoto wakiwa wameshanawa mikono, yeye alikuwa bado ameinama kwenye mstari wa tatu akikimbizana na maua yanayojifunga. Alipoingia ndani hakuweza kunyooka vizuri. Alijishika ukutani, kisha kwenye kiti, kisha kwenye mlango, mpaka akafika kitandani. Chiriku aliona yote hayo.

Jibu alilipata siku ya Ijumaa, bila kulitafuta. Safari hii alikuwa akifanya kazi ya kweli, ua kwa ua, maana hakuwa na uso wa kufanya vinginevyo. Mara akasikia mvumo. Nyuki mweusi mkubwa alimpita sikioni, akatua kwenye ua lililo mbele ya pua yake, akajisukuma ndani na kutoka na mgongo wa manjano. Aliingia kwenye ua la pili, la tatu, la kumi. Halafu akaruka moja kwa moja kuelekea banda la mbuzi.

Chiriku alimfuata akiinua miguu juu, kwa sababu mbele ya banda palikuwa pameota upupu. Alichungulia. Juu ya nguzo za banda ilipita boriti moja nene, kavu, ya kijivu, na upande wake wa chini ulikuwa na matundu ya mviringo, moja, mawili, matano, saba. Chini yake ardhi ilikuwa na unga laini wa mbao. Nyuki aliingia kwenye tundu la tatu akapotea.

Sasa alikumbuka kila kitu. Mwaka jana Baba alimpa yeye kazi ya kuziba matundu ya banda. Alifika pale na kopo la udongo, akauona upupu, akajikuna kabla hata haujamgusa, akarudi na kusema, "Nimemaliza, Baba." Lilikuwa neno lile lile alilomwambia Mama juzi juzi. Kumbe katika shamba zima, na pengine katika mashamba yote ya jirani, nyuki hawa walibaki kwenye boriti ambayo yeye aliona uvivu kuifikia. Nao walikuwa wachache, hawakuweza kufika mbali. Waliuhudumia mstari wa karibu nao, ule wa mwisho, wakamaliza nguvu hapo hapo.

Jioni hiyo Baba alirudi akiwa na shoka la kuazima. "Kesho Jumamosi tunalibomoa lile banda," alimwambia Kaka. "Boriti itatupa kuni za mwezi mzima, na pale tunaongeza mstari wa saba. Mstari wa pembeni si ndio unaozaa vizuri zaidi?"

Chiriku hakulala vizuri. Akisema kuhusu nyuki, wataulizana mbona nyuzi nyeupe zina matunda, na uongo wote utafumuka kama sweta. Akinyamaza, boriti itaingia jikoni. Alfajiri alikuwa bado hajaamua.

Asubuhi Baba na Kaka walianza na paa. Bati zilishuka moja baada ya nyingine kwa kelele kubwa. Bibi Shamba naye akafika, pikipiki yake ikiwa na matope mpaka kwenye taa, viatu vyake pia. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mtu akimtazama alijua hajapumzika siku nyingi.

"Shikamoo, Bibi Shamba," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama Chiriku, nipe kiti nikae dakika mbili, miguu yangu inanidai." Alikaa dakika moja, akainuka, akatoa daftari na kuanza kupita kwenye mistari akihesabu. Alipofika kwenye mstari wa mwisho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huu uzi mweupe ni wa nani?"

"Wa huyu binti," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulichangamka. "Hata mimi amenifundisha. Kila ua anapaka mara tatu."

"Mara tatu? Mimi sijawahi kuona jambo hili. Nimepita mashamba thelathini mwezi huu, hakuna hata moja lililotunga namna hii." Alimgeukia Chiriku. "Jumatano nitawaleta wakulima kumi na tano waje wauone mkono wako. Wako hoi, maskini. Kama mara tatu ndiyo dawa, nao wakafanye mara tatu."

Chiriku aliwaona wakulima kumi na tano wakiinama kama mama yake, mara tatu kila ua, kwa sababu ya neno moja alilolitunga yeye. Kule bandani shoka la Baba lilipiga nguzo ya kwanza. Mvumo ukasikika, nyuki wawili wakatoka kwenye boriti wakizunguka zunguka.

"Baba, usikate!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, sauti ya yule Chiriku wa zamani. "Usikate, Baba! Wamo humo!"

Baba aliteremsha shoka. "Nani wamo?"

"Nyuki weusi. Kwenye boriti. Wao ndio waliofanya mstari wangu. Mimi sikuyagusa maua." Alishika kopo la nyuzi kwa mikono yote miwili. "Nilifunga uzi tu, Mama. Nilikuwa nimechoka. Siku nyingi nilifunga uzi tu. Na mambo ya mara tatu ni uongo, niliyatunga. Na mwaka jana sikuziba yale matundu, niliogopa upupu, nikasema nimemaliza."

Mama alijishusha taratibu mpaka akakaa ardhini kati ya mistari, akanyoosha miguu.

"Siku zote hizi uliniona," Mama alisema. "Uliniona nimeinama pale mpaka giza linaingia, ukaenda kunawa mikono."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Lakini si sasa hivi. Sasa hivi nimechoka."

Chiriku alilia. Afadhali angepigwa, alifikiri, kuliko kusikia sauti ile. Bibi Shamba hakumbembeleza wala hakumgombeza. Alipita kwenye upupu kwa viatu vyake vizito, akaegemeza sikio kwenye boriti, akafunga macho. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Wamo kweli," alisema hatimaye. "Mwaka huu sijawasikia popote. Nilishaanza kusahau sauti yao."

"Ni wakali?" Kaka aliuliza.

"Ukimshika atakuuma, hata mimi ukinishika nitakuuma. Usipomshika hana shida na wewe." Aligeuka. "Na haya matundu ya kuzibwa ni yapi? Siku ile niliuliza nyuki wako wapi, nikaambiwa tu hawajaonekana."

Baba alikuwa bado ameshika shoka. Aliliweka chini, akajipangusa paji la uso kwa mkono wa shati. "Ni mimi. Nilisema yazibwe yote. Walikuwa wananiharibia nguzo, nami sikujua kama wana kazi yoyote. Niliwaona ni wadudu tu." Alimtazama mkewe aliyekaa ardhini. "Kumbe niliziba, halafu nikakupa wewe kazi yao."

"Si wewe peke yako, baba," Bibi Shamba alisema. Alirudi kwenye kiti chake, safari hii akakaa kabisa. "Kule bondeni wamekata vichaka vyote, sasa ndege hawapo, lakini viwavi wapo tele, maana hakuna anayewala. Kule mtoni wamekausha kinamasi wakapanda mboga, vyura wakaisha, na mbu wa mitaroni wakaongezeka. Na usidhani ni hapa petu tu. Duniani kote ni hivyo hivyo, msituni, baharini, mashambani. Aina nyingi za mimea na wanyama zinapungua, na nyingine zimekwisha kabisa. Iliyokwisha hairudi hata uililie namna gani. Na kibaya zaidi, tunapoteza vitu ambavyo hatujajua bado vilikuwa vinatufanyia nini. Tunajua siku kazi yao inapotuangukia sisi mgongoni."

Alivua kiatu kimoja, akakung'uta tope. "Mimi nilisomea kusaidia mimea ikue. Mwaka huu wote nimefundisha watu kufanya kazi ya nyuki. Nimechoka, ndugu zangu. Vidole vya watu wote wa kijiji hiki havitoshi."

"Sasa tufanyeje?" Mama aliuliza. Alikuwa bado hajainuka.

"Kwanza, hiyo boriti isiguswe. Pili, nguzo za mipasheni pakeni oili mnavyotaka, lakini wapeni nyuki mbao zao. Magogo makavu, laini, yaliyokufa, yasiyo na dawa wala rangi. Yatundikeni kila baada ya mistari miwili, yasipate mvua. Mtu akipewa nyumba yake, haji kutoboa yako. Tatu, msipige dawa mchana wakati maua yako wazi. Na nitazungumza na majirani. Nyuki hawatarudi kesho, msijidanganye. Lakini pakiwa na mbegu, pana tumaini, na mbegu yenyewe ndiyo hiyo boriti."

Kazi ilianza siku ile ile. Bati zilirudishwa juu ya banda. Ili wafike kwenye boriti bila kuwashwa, ilibidi njia nyembamba ifyekwe kwenye upupu. Mama aliingia chumbani akatoka na glavu nene za kiwandani, akamrushia Chiriku.

"Shika. Anza na ule upupu uliokushinda mwaka jana."

Chiriku alifyeka hadi mchana. Glavu zilimpwaya, jasho lilimwingia machoni, na hata hivyo shingo iliwashwa mpaka usiku. Hakusema amemaliza mpaka Mama alipokuja kuona kwa macho yake.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Kidole kiliendelea na kazi kwenye mistari mitano, tena mara moja kila ua, na Kaka na Chiriku waligawana na Mama ili awahi kupumzisha mgongo. Mstari wa mwisho waliwaachia wenye mabawa. Baba alitembea sokoni na vijijini akiomba magogo makavu ambayo watu walitaka kuyachoma, akayafunga nyuma ya baiskeli, wenzake wakamcheka. Kabla msimu haujaisha, gogo lililokuwa katikati ya shamba lilipata tundu moja la mviringo, na chini yake unga laini wa mbao. Baba aliita familia nzima kuja kuangalia tundu lile, yeye ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa akiyaziba.

Mavuno hayakuwa makubwa kama ya msimu wa kwanza, lakini yalitosha. Asubuhi moja Mama alishusha begi la kijani kutoka kwenye msumari, akaligeuza juu chini kitandani. Sweta moja alimpa Chiriku, nyingine alimpa Kaka, na begi lenyewe akaanza kubebea pasheni. Chiriku alisimama mlangoni akitazama msumari mtupu.

"Njoo hapa," Mama alisema. Alimkalisha kitandani kando yake. "Sikiliza, kwa sababu sitarudia. Uvivu wako ndio uliowaacha wale nyuki hai, najua, na kaka yako hatachoka kukusifia kwa hilo. Lakini ilikuwa bahati tu, usiitegemee. Ungenyamaza siku ile, wangechomwa jikoni kwangu na mimi ningekuwa kiwandani leo. Kuchoka si kosa. Sote tumechoka. Ukichoka, sema nimechoka, tutafute njia. Ukisema umemaliza na hujamaliza, unatufunga macho sote, na mtu aliyefungwa macho hawezi kuona kinachopotea karibu naye. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Basi nimekusamehe. Haya, nenda kahesabu, saa tisa hiyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mpya, aliyopewa na Bibi Shamba: kukaa nusu saa kila alasiri mbele ya boriti, kuhesabu nyuki wanaoingia na kuandika kwenye daftari, ili wajue kama wanaongezeka. Jana alikuwa amewaona sita. Leo alikaa kwenye kigoda akiwa na kalamu, macho mazito kwa usingizi, jua likimchoma mabega. Aliingia mmoja. Baada ya muda mrefu akaingia wa pili. Nusu saa ikaisha. Alitamani sana kuandika sita, au hata saba, kwa jinsi kila mtu nyumbani alivyosubiri habari njema. Alitazama matundu mara ya mwisho, akafungua daftari, akaandika: wawili.